Sindano za Triza

Kazi ya Wesonga ilikuwa kumsikiliza kambare. Majirani wa Shauri Moyo walimcheka mpaka wakachoka: mtu mzima na digrii yake, anavaa tai kwenda kusikiliza samaki! Lakini ubavuni mwa kambare mna seli zenye vinyweleo. Maji yakitikisika, vinyweleo hupinda na seli hutoa umeme kiduchu. Wesonga aliunasa kwa sindano ya kioo, akaupeleka kwenye spika, nayo ikatatarika kama bisi jikoni. Kisha, ili ahakikishe hizo si kelele za nyaya, akatia majini tone la streptomaisini, dawa inayoziua seli zile. Spika ikanyamaza, naye akaridhika.

Jioni alimkuta mkewe Ayuma amefura mlangoni.

"Baba Triza, huyu mtoto wako amekuwa kichwa ngumu! Namwita mpaka sauti inakauka, yeye kimya. Ni hii kifua kikuu tumemdekeza nayo."

Jana yake Wesonga mwenyewe alikuwa amemchapa kwa kosa hilohilo. Triza alikuwa uani, amewapa mgongo, anachambua majani ya sukuma wiki.

"Na kule kliniki wamesema sindano zake zimeisha, tununue wenyewe. Wamenipea hii chupa uonyeshe mtu wa duka la dawa."

Muda wote wa matibabu Ayuma ndiye aliyempeleka mtoto kudungwa. Wesonga, msomi wetu, hakuwahi kuuliza anadungwa nini. Aliona hayo ni mambo ya mama. Sasa akasoma jina kwenye chupa: streptomaisini.

"Triza!" aliita. Akaita tena kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia dirishani. Mtoto aliendelea kuchambua majani yake.

Akamweleza mkewe yote: seli kama zile za kambare zimo pia ndani ya sikio la mtu, na sindano zilikuwa zimeziua za Triza. Ayuma akaketi kizingitini. Kisha akauliza, "Na hao samaki wako, wakishaharibika wanakaa hivyo milele?"

"La. Seli zao huota upya. Wanarudi kama zamani."

"Asante Mungu!" Ayuma alishika kifua, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Basi na za Triza zitaota. Ama namna gani, Baba Triza?"

Wesonga alimwonea huruma, na papo hapo akamchukia kwa kuuliza.

"Hapana," akasema. "Ni za samaki tu."