Figili za Mwanakheri

Asubuhi ile Mwanakheri alizikata figili zake kwa furaha. Miezi minne alikuwa akizilea kitaluni kwake Tunguu kama anayelea mtoto njiti. Mbegu zenyewe ndogo kama vumbi la ugoro. Mara mbili alizimwaga, mara mbili zikaungua na jua. Mara ya tatu akazijengea kichanja cha makuti, akawa anazinyunyizia maji kutwa mara tatu, mpaka wiki ya tatu vijani vikachungulia. Siku hiyo alipiga kigelegele peke yake, na mumewe, Borafya, akatoka mbio na panga akidhani pana nyoka.

Sasa alikuwa na vitita kumi na viwili: mashina ya kijani yenye mifereji, majani kama ya kotimiri ila mapana zaidi. Akavifunga kwenye gunia bichi, akaenda navyo mjini, hadi mlango wa nyuma wa hoteli moja ya Shangani. Mpishi wa pale, Jamil, ndiye aliyemwagiza.

Jamil alifungua gunia, akakunja uso.

"Nini hizi, bibie?"

"Figili! Si ulinambia mwenyewe?"

"Mimi nlitaka figili za kizizi chekundu, za kutia kwenye kachumbari. Na nlipoona kimya, nkapata kwa mtu mwingine."

"Dukani nlisema figili, wakanipa mbegu hizi. Na pakiti imeandikwa figili!"

Wote wawili walisema kweli. Jina moja, mboga mbili. Jamil akaomba radhi, akarudi jikoni kwake. Mwanakheri akabaki kichochoroni, gunia miguuni.

Mara dirisha la nyumba ya pili likafunguliwa kwa kishindo.

"We mwanamke! Usiondoke! Nini hicho kinachonukia?"

"Shikamoo, bi mkubwa. Ni figili."

"Marahaba. Figili gani hiyo? Nisubiri nateremka!"

Bi Thuwaiba alikuwa ameshapita sabini, lakini ngazi alizishuka kama msichana. Akachuma jani moja, akalifikicha, akalinusa, kisha akamshika Mwanakheri mabega.

"Karafsi! Wallahi hii ni karafsi! Mama yangu akiipanda uani kwenye makopo ya maziwa. Alipokufa ikafa na yeye. Mwanangu, unajua leo siku gani? Dada yangu Dalal anakuja kutoka Maskati, miaka ishirini na mbili hatujaonana. Kanambia kwenye simu, sitaki biriani wala pweza, nnataka supu ya mama. Nami nshachinja kuku, supu imo motoni, na ladha siipati!"

"Basi twende, bi mkubwa!" alisema Mwanakheri, na gunia keshalitia kichwani.

Wakaingia jikoni. Mmoja akaosha, mwengine akakata. Mashina yakatumbukizwa mwanzo, majani yakangoja mwisho, na harufu ikapanda, kali na tamu, ikajaa ngazi nzima. Bi Thuwaiba alionja, akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Ndiyo yenyewe! Ndiyo yenyewe!"

Hapo hodi ikasikika. Dada wawili wakakumbatiana mlangoni, hiki kilio, hiki kicheko, masanduku yamezagaa barazani. Dalal hakuvua hata baibui. Alisimama katikati ya ukumbi, akanusa.

"Thuwaiba, umeipata wapi?"

Alipewa bakuli. Akanywa kijiko kimoja, akafumba macho, machozi yakamtiririka huku anacheka.

"Nani kaipanda?"

"Mimi!" Mwanakheri alijikuta amepiga ukelele, wote wakaangua kicheko. Dalal akambusu kipaji cha uso.

"Nawe kunywa, mwanangu."

"Kusema kweli, bibi, nimeipanda tu. Sijapata kuila."

Akapewa bakuli lililojaa pomoni. Supu ilikuwa na kauchungu kadogo, halafu ubaridi, halafu utamu uliotulia ulimini. Akamaliza, akaomba tena, akatoa simu.

"Borafya! Kata makuti mengine, tunajenga kichanja cha pili! Eeh, leo hii hii! Na ukiulizwa tumepanda nini, sema karafsi. Ka-ra-fsi!"