Mkwe Nyuma ya Pazia

"Sasa wewe Gesare, huko Arabuni utalala wapi? Juu ya ngamia?"

Jirani yake Mochama ndiye aliyeuliza, ameegemea ua, na wanawake waliokuwa wanaanika mtama wakacheka mpaka kuku wakatawanyika. Gesare naye alicheka. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Upande ule wa Migori hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mama mkwe halali kwa mkwe wake. Hamshikani mikono, hamli mkitazamana, hamlali chini ya paa moja. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini mwingine apite. Si chuki hiyo, ni heshima.

Na Gesare alikuwa ameishika vizuri tangu binti yake Mellen aolewe na Joash, kijana wa Kisegi kando ya ziwa, fundi wa friji za samaki pale Homa Bay. Zamani hizo haikuwa kazi. Joash alikuwa ziwani, yeye Gesare alikuwa kwake Migori, na heshima ilijilinda yenyewe. Hata Mellen alipojifungua Liz katika hospitali ya Homa Bay, Gesare alilala kwa rafiki ya Mellen, asubuhi anabeba uji.

Lakini Joash alipata kazi Omani, nchi ya jangwa, akawachukua mke na mtoto. Sasa Mellen alikuwa mjamzito tena. Mwaka ule wa tisini na sita, Wangwe, kijana wa kazini kwa Joash, alikuja likizo akaleta tikiti ya ndege na maneno ya Mellen: "Mwambie mama aje. Ule uzazi wa Liz nusura uniue. Huku sina mtu wa kunishika mkono."

Gesare aliukumbuka uzazi ule. Alikumbuka jinsi wauguzi walivyokimbia. Akamjibu Wangwe, "Nitaenda. Nitalala hata mlangoni."

Akaenda. Wangwe alikuwa anarudi kazini, wakasafiri pamoja, na Mungu akaishika ndege isianguke.

Nyumba ya Mellen pale Maskati ilikuwa safi, lakini ndogo: vyumba viwili, sebule, na mlango mmoja wa wote. Nje, milima mikavu, haina hata jani la kumpa mbuzi. Gesare alipokelewa vizuri, akapewa chumba na Liz, akala, akalala. Hakumwona Joash. Alidhani yuko zamu. Kesho yake pia hakumwona. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gesare alikuwa tayari kushika jembe, ila shamba lenyewe halikuwepo, basi akashika ufagio. Na alipokuwa anafagia ndipo mjukuu wake alipomwambia.

"Nyanya, ukienda kwenu baba atarudi?"

"Kwani baba yako ameenda wapi?"

"Analala kule kambini kwa kina Wangwe. Chini. Mgongo unamuuma mpaka anatembea hivi." Liz akainama akatembea kama kizee cha miaka tisini.

Gesare akaweka ufagio chini akaenda jikoni.

"Mellen! Mimi nimemfukuza mwanaume kwa nyumba yake?"

Mellen alikuwa anakanda unga wa chapati, tumbo limefika mezani kabla yake. "Mama, hukumfukuza. Yeye mwenyewe alisema haiwezekani mle ndani mlale wote wawili. Akabeba blanketi."

"Na hiyo kambi iko karibu?"

Mellen akakaza kukanda. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa mbali, nje ya mji kabisa, na haikuwa na simu ya usiku.

"Na uchungu ukikushika? Nani ataendesha gari? Mimi? Nani ataongea na daktari? Mimi na Kiarabu yangu?"

Basi neno likawa hapo, zito kama jiwe la kusagia. Gesare akikaa, mwenye gari yuko mbali na mke wake. Gesare akiondoka, mwenye gari anarudi, lakini Mellen anaingia leba bila mama. Alilipima huku na huku, halafu akasema ataondoka wiki ile. Mtu na nyumba yake. Mellen hakubisha, ila machozi yalidondoka ndani ya unga.

Joash alipopita mlangoni toka kazini akaambiwa, alituma neno kupitia kwa Liz: kama ni lazima mama aende, basi asiende kama mtu aliyekuja kufungiwa. Ijumaa hakuna kazi. Awapeleke wote wakaone makumbusho, pale ndani ya ngome ya zamani, mahali watu wa huko hupeleka watoto wao.

Ijumaa ikafika, na shida ikaanzia kwenye gari.

"Siingii," Gesare akasema. "Ina paa."

"Ina magurudumu pia, Mama," Mellen akamjibu. "Umeona nyumba gani inakimbia?"

Gesare akafikiri, akakubali. Akakaa nyuma, leso imefunika uso mpaka puani. Joash naye aliinua kile kioo cha kuonea nyuma kikatazama juu, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Akaendesha hivyo, Liz akimpigia kelele, "Baba, lori nyuma! Baba, mwingine tena!"

Ngome ilikuwa kubwa, ukuta wake rangi ya udongo. Mle ndani kulikuwa na chumba cha tende, pale zamani magunia yalipangwa, asali ya tende ikachuruzika kwenye mifereji sakafuni. Kulikuwa na majambia ya fedha na mitungi, na kisima ambapo watoto waliruhusiwa kuvuta ndoo kwa kamba. Joash alitangulia na Liz; Gesare na Mellen wakafuata kwa mbali. Joash akisimama, Gesare anasimama. Liz alikuwa posta.

"Nyanya, baba anasema hapa kuna mitego ya samaki kama ya Kisegi, usipite bila kuona."

"Mwambie nimesikia. Mwambie ahame kwanza nije nione."

Gesare aliiona mitego ile akashangaa. Jangwa kavu vile, na watu wake ni wavuvi! Alishukuru kimoyomoyo. Wangapi Migori wameona hili?

Walienda vizuri mpaka kwenye ngazi nyembamba ya mnara. Joash alikuwa amepanda, akakuta mlango wa juu umefungwa, akageuka kushuka. Gesare alikuwa anapanda. Wakakutana katikati, uso kwa uso, hakuna majani ya kuingia. Joash aliruka nyuma akarudi mbio juu akagonga ule mlango uliofungwa kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Gesare akageukia ukuta, leso juu ya kichwa, akaegemeza paji la uso kwenye jiwe.

Mlinzi aliona yote. Mwanaume mgeni anakimbia, mama mzee analia ukutani: akili yake ikamwambia mzee ameibiwa. Akapiga kelele kwa Kiarabu. Watu wakageuka. Ndipo akaja mama mmoja mnene wa pale makumbusho, mwenye miwani, aitwaye Bi Zeyana.

"Kuna nini, mama wee? Yule bwana kakufanyia nini?"

Gesare akatoa kichwa kwenye leso. "Wewe Mwarabu unaongea Kiswahili kunishinda?"

"Nimezaliwa Unguja, nimekula mihogo kama wewe. Niambie, kakuibia?"

"Aibe nini? Amenipea heshima."

"Heshima ya kukimbia?"

"Ni mkwe yangu. Bwana ya huyu," akaelekeza kidole kwa Mellen, ambaye alikuwa ameshika tumbo, hajui acheke au alie. "Kwetu hatukutani. Hatulali nyumba moja. Sasa ona, nimekuja kushika binti yangu akizaa, mkwe amehama kwake kwa ajili yangu, na mimi narudi nyumbani ili aweze kurudi."

Bi Zeyana alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Akamweleza mlinzi, mlinzi akaweka mkono kifuani akaondoka kwa adabu. "Njoo upumzike basi," Bi Zeyana akamwambia Gesare. "Magoti hayo yamechoka."

Akampeleka uani penye hema kubwa la Mabedui, watu wa jangwani. Wageni waliruhusiwa kuingia na kuketi. Katikati ya hema, toka nguzo mpaka nguzo, ilitundikwa nguo nzito ya manyoya ya mbuzi, michirizi myekundu na myeusi. Upande mmoja kulikuwa na vyungu na susu ya kuning'iniza ya kulalia mtoto. Gesare alikaa hapo, akanyoosha miguu.

"Na huko ng'ambo ya nguo?"

"Upande wa wanaume. Na wageni."

"Mkwe akija?"

"Hukaa kule."

"Mama mkwe?"

"Huku huku ulipo."

"Na paa?"

Bi Zeyana akatazama juu. "Paa moja tu. La wote."

Aliitwa na wageni wengine, akaondoka. Gesare akabaki anaishika ile nguo kwa vidole, anapima unene wake. Aliwaza: watu hawa wana jangwa lote hili, nafasi mpaka macho yanachoka, na bado walikaa pamoja chini ya nguo moja, na adabu yao haikuanguka. Labda heshima haipimwi kwa umbali wa mguu. Labda inapimwa kwa macho na mdomo. Lakini wazee nyumbani watasema nini? Akamtazama Mellen, aliyekuwa anajishusha polepole kwenye mkeka, mkono kiunoni, jasho usoni. Wazee hawako hapa, akawaza. Mtoto anayekuja yuko hapa.

Mara upande wa pili zikasikika hatua, na sauti ya Liz: "Baba, kaa nikumiminie kahawa. Ya uongo."

"Nyanya yako yuko wapi?" Joash akauliza kwa sauti ya chini. "Amekasirika?"

"Yuko hapa!" Liz akapiga nguo kofi.

Kikafuata kishindo cha mtu anayenyanyuka kukimbia.

"Baba Liz," Gesare akasema. "Kaa."

Miaka yote ile hakuwa amewahi kumsemesha bila mtu katikati. Joash akakaa. Kahawa ya uongo ikamiminwa.

"Mama, nisamehe kwa ile ngazi."

"Ngazi ndiyo nyembamba, si wewe. Mgongo unasemaje?"

"Nani alikwambia habari ya mgongo?"

"Mimi!" akasema Liz.

Gesare alisikia Mellen akicheka kwa kukosa pumzi. Kisha Joash akasema, kwa haraka kama mtu anayemeza dawa, "Mama, usiende. Mellen haniambii, lakini usiku anaota ile hospitali. Mimi nitalala hata ndani ya gari, nje ya mlango."

"Nimekataa mkwe wangu alale kwa gari kama mwizi." Akaivuta ile nguo kidogo. "Nguo kama hii, sokoni inapatikana?"

Joash hakuelewa. Halafu akaelewa. "Leo hii, Mama. Leo leo."

"Basi iwe nene. Isionyeshe kivuli."

Jioni ile Wangwe alikuja na nyundo, sebule ikagawanywa. Upande wa Gesare na Liz ukapata jikoni na chumba chao. Upande wa Joash ukapata chumba chake na mlango wa nje. Kwenda bafuni mtu alikohoa kwanza. Wiki hiyo nyumba ilikohoa kama yenye pumu.

Uchungu ulimshika Mellen alfajiri. Gesare aliita mara moja tu, "Baba Liz!" na funguo za gari zikalia papo hapo ng'ambo ya nguo. Hospitalini Joash aliongea na madaktari, Gesare akashika mkono. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye kelele. Mellen alitoka salama, na Gesare alipiga magoti pale pale koridoni, akamshukuru Mungu kwa Kikuria cha kwao, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Waliporudi nyumbani alipika. Uji wa wimbi kwa mzazi, na kwa Joash ugali na omena, vile vidagaa vya ziwani, aliyoibeba toka nyumbani, imefungwa mara nyingi isiwanukie watu wa ndege. Liz akapitisha sahani chini ya pazia. Upande wa pili mtu akala kimya, kama inavyotakiwa.

Halafu kikohozi.

"Mama," sauti ikasema, ina aibu. "Omena... imebaki kidogo?"

Gesare akasimama na mwiko mkononi. Hajawahi kusikia, toka azaliwe, mkwe akimwomba mama mkwe chakula. Akakwangua sufuria mpaka chini.

"Imebaki, baba," akasema. "Leta sahani."