Kibanio cha Waya wa Mama

Mara tatu waya wa mashine ya oksijeni ulichomoka ukutani, na mara zote dada mtu alimkuta mama yao midomo imekuwa ya buluu. Waliamini ni mguu: mama anajigeuza kitandani, waya unanasa, plagi inatoka. Kaka mtu, fundi umeme tangu ujanani, alilichukulia jambo lile kama tusi kwa kazi yake.

Akajifungia karakanani. Vibanio vya dukani alikuwa amevijaribu vikalegea, maana waya ukivutwavutwa hujitafutia njia. Yeye alitaka kitu cha kujikaza chenyewe. Akachonga kijisanduku cha alumini, kipana upande mmoja, chembamba upande wa pili, ndani akaweka kabari mbili zenye meno. Waya ukivutwa, unazikokota kabari hadi kwenye wembamba, nazo zinauma. Ukizidi kuvuta, zinazidi kuuma. Cha kwanza kilichubua ngozi ya waya, akayapiga meno tupa na kuyatandika mpira. Cha pili kikateleza. Cha tatu alikikaza ukutani kwa skrubu, akaning'inia kwenye waya kwa uzito wake wote, dada yake akicheka kwamba ukuta utang'oka kabla ya waya. Mama yao alitazama kutoka kitandani.

Kesho yake aliondoka kwenda kazini, akarudia njiani kwa kuwa alisahau koleo. Aliposukuma mlango alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, ameuzungushia waya kiganjani, unyayo ameukita ukutani, anavuta kwa mikono miwili. Kibanio hakikutikisika. Na kitu cha kwanza kilichompitia moyoni, Mungu amsamehe, kilikuwa furaha ya fundi: kimeshika.

Ndipo akaelewa kwamba haukuwa mguu kamwe.

Alimuuliza kwa nini. Kama ni kuchoka, mpira wa puani si angeuvua tu?

"Naweza hata sasa hivi," mama akasema, akihema. "Lakini mtajua. Nilitaka muone ni bahati mbaya, mnizike, mlale."

"Mama, usiniambie hivyo."

"Nimechoka, mwanangu. Huku si kupumua, ni kusukumwa."

Alipiga magoti, akaishika ile mikono yenye michirizi myekundu ya waya, akamtaka aape kwamba mpira hatauvua. Alilia kama mtoto mchanga mpaka mama akaapa. Jambo hilo hakumwambia dada yake. Aliogopa ataambiwa amwachie mama apumzike.

Mama alikuwa mtu wa kauli moja. Alikaa na mpira wake puani siku nenda siku rudi, mifupa ikimtoka, vidonda vya mgongo vikifunguka, hadi mvua zikaanza. Mwanawe akiingia, aligeukia ukutani. Hakuwa na hasira naye. Hakutaka tu uso wake uonekane. Alikata roho adhuhuri moja, mashine ikinguruma.

Msibani majirani mmoja mmoja walimshika mkono kaka mtu, wakamwambia watoto kama yeye ni wachache siku hizi, amemtunza mama yake mpaka mwisho. Aliwaitikia wote ahsante, macho chini, na dada yake, asiyejua kitu, akaitikia pamoja naye.