Kahawa ya Placidius

Jirani yao Placidius anasema Sperancia, binti anayeongoza wageni, aliwatupa wageni wake ufukweni. Anasema binti alisikia kiboko akipuliza maji ziwani, akashika gauni mkononi, akakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Ati ni yeye Placidius aliyemkuta mmoja wa wageni hao, yule mama wa Bukoba, Agnetha, kaketi matopeni na kifundo cha mguu kimevimba, akamwokoa. Anayasema hayo kilabuni, anayasema nje ya kanisa, na kila akiyasema kiboko anaongezeka ukubwa.

Mwenyekiti wa kitongoji amesikia. Ametuma neno kwamba kazi ya kuongoza wageni apewe mtu mwingine, na kwamba Jumatano atalimaliza jambo hili. Agnetha alipopiga simu kumtetea Sperancia, mwenyekiti alijibu kuwa mgeni aliyeshtuka hawezi kujua nani alikimbia na nani alibaki.

Sperancia hakulia. Alikasirika tu.

Siku ile ya kiboko waliondoka kijijini Songambele alfajiri, yeye na wageni watatu. Walipanda mlima msituni polepole, wakala ndizi za kuchoma kileleni, wakaanza kushuka upande wa ziwa. Kulikuwa na mawingu mazito, na siku ya mawingu viboko hutoka majini mapema. Kwa hiyo aliwaambia: "Saa tisa tuwe tumeshavuka ufukwe."

Msitu ulipoishia, Placidius alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

"Karibuni! Mtapitaje kwa mtu hivi hivi?"

"Shikamoo baba. Tumechelewa, tutapita siku nyingine."

"Marahaba. Unakataa kahawa yangu mbele ya wageni? Kwani nimeitia sumu?"

Kwao, anayekataa kahawa amemwambia mwenye nyumba kwamba anamwogopa. Basi Sperancia akachukua punje mbili, akatafuna, wageni nao wakakaa. Hilo ndilo kosa lake, na analikubali. Placidius alieleza habari za ng'ombe wake mpaka saa kumi ikapita, kisha akasimama akijifuta midomo.

"Njooni niwapitishe kwenye matete. Ni karibu."

"Baba, ile ni njia ya viboko."

"Sikiliza mtoto huyu! Nimekanyaga matete haya kabla mama yako hajajua kusuka mkeka."

Wageni wakacheka, wakamfuata. Mkewe, Prudensia, alikuwa pale migombani akikata majani makavu. Alisikia kila neno.

Kiboko alipotoka kwenye matete, aliyekimbia ni Placidius, na kandambili yake moja ikabaki matopeni. Agnetha akateguka mguu. Sperancia aliwasukuma wale wageni wengine wawili juu kwenye mawe, akarudi, akambeba mama yule mgongoni hadi barabarani. Prudensia alisimama na panga lake, akatazama yote.

Sasa ni Jumanne, na Sperancia amefika kwa Prudensia. Placidius yuko kilabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

"Sitakaa. Kesho mwenyekiti anamaliza jambo hili. Ulikuwepo. Ulimwona mumeo akikimbia hata kandambili akaacha."

Prudensia aliangalia njia ya kilabuni.

"Mwanangu, mimi naishi naye."

"Na mimi nitaishi na nini? Jina langu limeshafika Kaisho! Huko watoto wananiita Mkimbia Kiboko!" Sauti ilimpanda, kuku wakatawanyika. Akaishusha kwa nguvu. "Sitaki umtukane. Njoo tu kesho useme ulichokiona. Utakuja, mama?"

Prudensia aliingia ndani. Alitoka na kile kikapu kidogo, akamnyooshea kwa mikono miwili, macho yake chini.

Sperancia aliziangalia punje za kahawa. Kuzichukua kulikuwa kukubali yaishe hivyo hivyo; safari hii hakunyoosha mkono.

"Utakuja?"