Kitambaa Juu ya Mashine Inayohema

Uvumi ulianzia kwa mshona nguo. Walisema nyuma ya tangi la maji kuna nyumba ambayo laptop iliachwa kitandani ikifanya kazi, ikahema mchana kutwa kama mgonjwa, na iliponyamaza, godoro lilikuwa limeshaungua hadi kwenye chaga. Mjane mmoja aliyekwenda kwa mshona nguo huyo kupunguziwa sketi alirudi na sketi yake na maneno hayo. Sketi aliitundika. Maneno yalikataa kutundikwa.

Maana kwake pia kulikuwa na mashine inayohema. Binti yake wa pekee, mchoraji wa ramani za majengo, alikuwa amepata kazi yake ya kwanza: kutengeneza filamu fupi ya zahanati isiyojengwa bado, mtu aitazame kana kwamba anatembea ndani yake mlango hadi mlango. Mhandisi aliitaka Ijumaa saa kumi jioni. Akiikosa, kazi inakwenda kwa mwingine.

Laptop ilikaa kitandani kwa sababu meza ilikuwa chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma kilifungwa tangu baba alipofariki. Humo ndimo ilimobaki kompyuta yake ya mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama huyu alifunika kila kitu: redio, televisheni, hata mtungi wa gesi.

"Mama, nipe ufunguo niweke laptop mezani tu."

"Meza ina mwenyewe."

"Mwenyewe huu mwaka wa pili hayupo."

"Nani kakwambia hayupo?"

Binti akacheka, kisha akaona mama hacheki.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, binti aliiachia laptop kazi ya mwisho, ya kugeuza michoro kuwa filamu, akatoka kupeleka karatasi kwa mhandisi. Mama alibaki chumbani anakunja nguo. Feni ndogo ililia taratibu, kisha ikapanda. Ikavuta, ikakwama. Ikavuta tena, ikakwama. Sauti hiyo aliijua. Mumewe aliondoka vivyo hivyo, asubuhi anapiga soga, adhuhuri anaitafuta pumzi. "Nifunue," alimwambia, "nasikia joto." Yeye akamwongezea blanketi, akidhani homa inataka jasho.

Alivumilia mpaka akashindwa. Akachukua kitambaa cha juu ya redio, akakikunja mara mbili, akaifunika laptop kwa upole, kama anayemfumba mtu macho. Sauti ikafifia. Baadaye ikakatika kabisa, na chumba kikaanza kunuka plastiki ya moto.

Binti aliporudi alikuta kioo cheusi na shuka haligusiki. Kwa hesabu yake, kazi ilikuwa imefika theluthi tu. Alikaa sakafuni.

"Nani kaifunika?"

"Labda upepo."

"Upepo umekikunja mara mbili, mama?"

Ijumaa asubuhi akaitwa baba mdogo, ndugu wa marehemu, fundi wa kompyuta. Laptop ilikuwa imepoa na ikawaka, lakini fundi alitikisa kichwa.

"Kwa kazi hii itakuchelewesha. Tuwashe ya baba yako."

"Baba mdogo, prosesa yangu na yake ni ukoo mmoja, tena yangu ndiyo mpya. Mzee wa watu tumsumbulie nini?"

"Ubongo ni wa ukoo mmoja, miili mbalimbali. Yako inapewa umeme kiduchu ili betri idumu, na imebanwa kwenye kasha jembamba kama sahani. Ikishika joto inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Ya mezani inakula umeme wa ukutani, feni yake pana, ina nafasi ya kuvuta hewa. Mbio za dakika moja, yako inashinda. Mbio za saa tano, tutaona. Shemeji, ufunguo."

Mama aliubana kiganjani. "Nikifungua nikamsikia?"

"Ukimsikia, msalimie."

Walifungua. Fundi alipuliza vumbi, akaunganisha nyaya, akaziweka mashine mbili ubavu kwa ubavu, akazipa kipande kimoja cha filamu. Laptop ilitangulia. Kisha ikaanza kuhema, ikavuta, ikakwama, na kufikia dakika ya kumi ilikuwa imeachwa nyuma. Ile ya mezani haikuhema. Ilivuta pumzi moja ndefu isiyokatika, na mama akashika ukingo wa meza, kwa sababu hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa akilala kabla ya ugonjwa.

"Niliifunika mimi," alisema. "Na yeye nilimfunika, akiniomba nimfunue."

Binti alimshika mkono. Baba mdogo aliziacha nyaya, akamgeukia.

"Mapafu yalikuwa yamekwisha, shemeji. Si blanketi."

Hakumwamini sana.

Kazi yote ikahamishiwa ile ya mezani, na saa tisa u nusu filamu ilikamilika. Binti akatoka mbio nayo, baba mdogo akiwa nyuma yake, na kabla ya saa kumi binti alipiga simu: mhandisi kaipokea. Mama alikuwa bado chumba cha nyuma. Alibonyeza pa kuzimia, kama alivyoelekezwa. Feni ilizunguka polepole, ikavuta mara moja zaidi, ikasimama. Akasubiri ivute tena. Alisubiri sana. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake, na hakukirudisha juu ya mashine.

Kisha akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa kama za darasa la tatu, akaibandika nyuma ya mlango wa binti yake:

USIWEKE LAPTOP YENYE KAZI NZITO KITANDANI WALA JUU YA MTO.
USIIFUNIKE, HATA KWA KITAMBAA KIZURI.
USIZIBE MATUNDU YA PEMBENI NA YA CHINI.
USIIACHE PEKE YAKE IKIHEMA UKATOKA.
USIDANGANYIKE NA JINA LA PROSESA. ULIZA INAPUMULIA WAPI.
USIMFUNIKE ANAYESEMA ANASIKIA JOTO.
USISEME NI UPEPO.