Pikipiki Iliyozima kwa Shibe

Hakuna pikipiki mjini Mwanza iliyowahi kunishinda mimi, Maige. Nilimaliza kidato cha nne na fizikia yangu kichwani, na mikono hii Mungu aliitengeneza siku ambayo hakuwa na haraka. Hata ile ya dada yangu Odeta haikunishinda. Ilikataa kunitii tu, majuma kadhaa mfululizo.

Ilikuwa nyekundu, ya mtumba, imeletwa kutoka Dubai miaka ile ambayo kila kitu kiliruhusiwa kuingia nchini isipokuwa vipuri vyake. Dada aliitumia kwenda Igombe kununua sangara kwa niaba ya kiwanda cha minofu. Pale Igombe mitumbwi inarudi asubuhi, na mnunuzi anayetangulia kutandika mizani mchangani ndiye anayepata samaki. Dada alikuwa ameshachelewa mara nyingi mno. Meneja akamwambia wazi: akichelewa tena, mizani anapewa mtu mwingine.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa dharau. Nyumbani pikipiki inanguruma muda wote wa chai, haikohoi. Ikishapita Pasiansi, inapunguza sauti kama mlevi aliyemwona mkewe, inatetemeka, inazima. Mimi, niliyepakiwa nyuma ya dada, nashuka kwa madaha. Nafungua mfuniko wa tenki, nachungulia: mafuta yapo. Nafunga. Natoa plagi, naipuliza, naifuta kwa shati, nairudisha. Kiki moja, inawaka.

"Plagi," namwambia dada.

"Hiyohiyo ya juzi?"

"Ina kiburi."

Nikanunua plagi mpya. Nikaosha kabureta mpaka ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikabadilisha chujio. Ikaendelea kuzima palepale, na dada akaacha kunisikiliza. Akaikokota hadi nyuma ya soko kuu, kwa Shamsa.

Shamsa ni binti wa mzee Mbaruku, ukoo wa mafundi tangu enzi za baiskeli za posta. Chuo cha ufundi alisoma, cheti alipata, na unyenyekevu aliusahau getini.

"Shikamoo dada Odeta. Na wewe Maige, umekuja kutengeneza au kutengenezwa?"

"Nimekuja kukusimamia."

"Basi simama pale mbali."

Hakugusa spana. Alikaa juu ya tairi bovu akaanza kumhoji dada. Inazima mlimani au tambarare? Inakata ghafla au inafifia? Ikipumzishwa inawaka?

"Fundi, fungua hiyo mashine," nikasema. "Hapa si kliniki."

"Ni kliniki. Na wewe ndiye mganga uliyemnywesha mgonjwa dawa zote kabla hajasema anaumwa wapi." Akamgeukia dada. "Tenki likiwa limejaa inazima mapema, au likiwa nusu?"

Dada akafikiri. "Likijaa! Nikijaza ndiyo inaniaibisha mapema. Nusu tenki naweza hata kuvuka uwanja wa ndege."

Nikacheka. Pikipiki inayozimishwa na shibe! Shamsa hakucheka. Alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, na nasema kweli, tabasamu lile lilinikosesha usingizi kuliko plagi.

"Kesho jazeni mpaka shingoni," akasema. "Nakwenda nanyi Igombe. Ikizima, asiguse mtu."

Asubuhi tukapandana watatu kama mishikaki: Shamsa mbele kwenye usukani, ushungi umebanwa kwa pini, dada katikati, mimi mkiani nimekumbatia mizani. Aliendesha vizuri hata sikupata la kumtania. Tukapita Kirumba, tukapita Pasiansi, na hapo mlevi akamwona mkewe. Ikazima.

Jua lilikuwa linachomoza. Dada akaanza kusali rozari chinichini. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kwenye mfuniko wa tenki. Shamsa akauchapa.

"Nilisemaje?"

Akainama, akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta. Yakadondoka matone machache, kisha yakakauka. Tenki limejaa, mpira mkavu! Akaniita nichuchumae nitazame kwa makini, nami nikachuchumaa kama mwanafunzi mwema. Kisha akauzungusha mfuniko taratibu.

Fyuuu! Tenki likavuta hewa kama mtoto aliyetoka kupiga mbizi. Papo hapo mafuta yakaruka kutoka kwenye mpira, yakanilowesha suruali kuanzia magotini.

"Ndiyo hiyo plagi yako," Shamsa akasema. "Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja, maziwa hayatoki. Sharti utoboe la pili, hewa ipite. Mfuniko huu una tundu la kupumulia, na limezibwa. Tenki likijaa, hewa iliyomo ni kidogo, inakwisha nguvu mapema. Wewe ulikuwa unaitibu kila siku kwa kuchungulia mafuta, halafu sifa unaipa plagi."

Dada alimtazama yule binti kama watu wanavyomtazama padri mpya anayejua kuimba. Mimi pia, ila mimi nilikuwa nanuka petroli.

Shamsa akachomoa pini, akachokonoa chini ya mfuniko. Kikatoka kitu cheusi. Akakinusa. "Lami. Nani anaiziba pikipiki pua kwa lami?"

Nikaligeukia ziwa. Lilipendeza sana asubuhi ile.

Akarudisha mpira, akapiga kiki, tukaruka. Haikukohoa hata kidogo. Tulifika Igombe mitumbwi ikiwa bado majini, na dada akatandika mizani kabla ya wanunuzi wote. Sangara wa kwanza alipolazwa juu yake, mrefu kama benchi la kanisani, dada akafuta machozi, kisha akakunja uso.

"Nataka jina. Aliyeziba tundu lile alikuwa ananinyang'anya kazi."

"Dada, ni ujinga wa watu wa ziwani," nikaeleza, kwa sauti ili Shamsa asikie. "Wakiona tundu, mikono inawawasha. Mtu fulani kaona pikipiki ikivushwa kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kome, kaogopa mawimbi yataingia kwenye mafuta, kaziba. Hakuuliza tundu lina kazi gani. Ndiyo hasara ya kukimbia fizikia."

Nyuma yangu kulikuwa na mtumbwi uliopinduliwa, na kutoka upande wake wa pili akatokea mzee Okwach, fundi mitumbwi kutoka Mara, kopo la lami mkononi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye mfuniko wa tenki. Akaugusa kwa kidole, kwa huzuni.

"Maige, nani ameibandua? Mimi nilikupa lami ya daraja la kwanza. Si ulisema unataka isipite hata pumzi?"

Dada akaacha kusoma mizani. Shamsa akakunja mikono.

"Usijali, omera, ndugu yangu," mzee akasema, akaniinamishia kopo. "Leta mfuniko nikuongezee."