Sala Juu ya Ngege wa Kuchemsha

…na bado mkewe anaomba, Chrispin akazidi kufumba macho, mvuke wa ngege wa kuchemsha ukimpanda puani, samaki wa maji na chumvi ya kuonjesha tu, miezi yote hii Hyasinta anampikia hivi na yeye mwenyewe anakula hivi hivi asije akamtamanisha mume, na sala yake ya chakula siku ya Jumapili ni ndefu, huanzia kwa Baba Mtakatifu ikashuka mpaka kwa kuku wa uani… "tunakushukuru, Bwana, kwa dawa ya kushusha mafuta kwenye damu ya Baba Judith"… tayari amefika kwenye dawa yake, na Chrispin akasikia shati likimbana, kifungo kile alichokisogeza mwenyewe kwa sindano, kimyakimya, ili kifike… "umwonee huruma, maana dawa hizo zinamnenepesha"… neno hilo ni la kwake, alilitoa yeye siku ile pale zahanati ya Nyasura, Hyasinta ameduwaa mbele ya mizani, "Mbona umeongezeka, Baba Judith, na unakulaga samaki wa maji?" naye akajibu hata mate hajameza, ni dawa hizi, zinanenepeshaga watu, na wakati huo alikuwa ameshamuuliza daktari kule Musoma, akitumaini ataitikiwa, daktari akatabasamu, "Mzee, kidonge hakina mdomo. Hizi kwa kawaida hazinenepeshi, na uzito ukiongezeka huwa ni kidogo sana. Ila wapo watu, wakishameza, wanaona wamepewa ruhusa ya kula." Ruhusa… mnadani Butiama, ng'ombe wameshauzika, moshi wa Ryoba mchoma nyama, "Mzee Chrispin, nikutolee mafuta, au leo daktari hajaja mnadani?" "Yaache, nimeshameza kidonge asubuhi," watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, mbavu, kisha supu ya makongoro inayoganda midomoni, halafu kunawa kwa sabuni mpaka viwiko kabla ya kupanda gari la Bunda, kunusa vidole, kunawa tena, mtu mzima, mzee wa kigango, na leo asubuhi kwa mdomo ule ule amepokea Komunyo, ee Mungu, alijisemea ni ulafi tu, dhambi ya tumbo langu, nitaungama, nitapewa Salamu Maria zangu, yataisha… "na mimi nisamehe, Bwana," sauti ya Hyasinta ikashuka, "vidonge vyangu nimeviacha tangu Kwaresima, niliogopa nitanenepa kama Baba Judith, na sare ya akina mama wa parokia imeshashonwa"… vyangu, amesema vyangu, Chrispin akafumbua macho, mkewe amekaa vile vile, viganja juu ya meza, kope zimefumbwa kama za mtoto, walipimwa siku moja, benchi moja, na daktari aliangalia majibu yake muda mrefu zaidi, "Mama, wewe ndiye unayenitia wasiwasi," na baba yake Hyasinta, mzee Florian, alianguka shambani Nyegina upande mmoja umekufa, akalishwa uji kwa kijiko mpaka mwisho, na Jumapili iliyopita Hyasinta alikaa kwenye jiwe njiani kutoka kanisani, mkono kifuani, "Ni miguu tu, tangulia," naye akatangulia, akatangulia kweli, hakugeuka hata kumtazama, kumbe aliyekuwa nyuma pale kwenye jiwe amekaa na uongo wa mumewe, anaubeba kifuani, yeye asiyejua hata ladha ya hizo mbavu… "kwa njia ya Kristo Bwana wetu," Hyasinta akanyamaza, anangoja, maana katika nyumba hii Amina ya kwanza huwa ni ya baba, ndipo mikono iguse ugali, na Amina ni neno fupi, lingetoka, wangekula, angesema tu meza vidonge vyako mama, daktari amebadilisha maelezo, uongo mwingine juu ya ule, na mnada ungefika, na moshi wa Ryoba… ngege mmoja jicho lake jeupe limeelekea kwake, na Amina haimtoki.

"Baba Judith," akasema Hyasinta, macho bado amefumba, "nimemaliza."

"Usifumbue kwanza," Chrispin akasema. "Mimi bado sijaomba."